Pintalu ya Arap Kikwai

Jonah arap Kikwai alikuwa na miaka sitini na mitatu, magoti mawili yasiyosikilizana, na sifa moja. Watu wa Sotik, ambao hawakubaliani hata kuhusu mvua inayowanyeshea, walikubaliana kwamba kati ya Kericho na Kisii hapakuwa na mtu mwingine anayejua kupika pintalu.

Kwenye ubao wa hoteli ya Jecinta Nyathira iliandikwa VINDALU, kwa chaki, kila siku ya soko, lakini hakuna aliyeitamka hivyo. Ulimi wa Mkipsigis hauna haja ya v, na d huitumia siku ukijisikia. Pintalu ilitosha, na sahani zilirudi tupu.

Ilikuwa nyama iliyolazwa siku mbili, kisha ikachemshwa polepole mpaka mchuzi ukawa na rangi ya barabara ya Ndanai baada ya mvua. Iliwasha, ilichachuka, na nyuma ya ukali huo kulikuwa na ladha ya moshi ambayo wateja wa kutoka mbali walishindwa kuitaja lakini waliifuata. Asili yake ilikuwa nyama ya nguruwe. Ila Sotik iko mpakani, wateja wengi walitoka upande wa Kisii, na wengi wa hao walikuwa Wasabato. Jecinta alitafakari jambo hilo kiroho kwa dakika moja, akaamuru ng'ombe.

Chakula hicho kilikuwa kimesafiri kuliko mtu yeyote aliyekila. Mabaharia wa Kireno walikianza kwa kulaza nyama katika divai na kitunguu saumu ndani ya mapipa, si kwa ajili ya utamu, bali ili isiwaue kabla dhoruba haijapata nafasi. Kilipofika Goa, kipande cha pwani ya India ambacho Wareno walikishikilia miaka mia nne na hamsini, divai ilikuwa adimu. Wenyeji wakatia siki ya tembo la mnazi, wakaongeza pilipili, ambayo nayo Wareno hao hao walikuwa wameitoa Amerika. Wagoa walipovuka bahari kuja Mombasa kuwa makarani, waokaji na washonaji chini ya Mwingereza, waliikuta minazi imewatangulia, na siki ikaendelea. Halafu ikaja reli, zikaja ofisi za chai, na makarani wakapelekwa bara, mahali ambapo mnazi huonekana kwenye kalenda.

Bwana Furtado alikuwa karani wa mojawapo ya ofisi hizo, Kericho. Mwaka wa 1951 mkewe alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Elmina. Uzazi ulikuwa mgumu, mama akaamriwa kukaa kitandani wiki sita, na nyumba ikahitaji mpishi. Jonah alikuwa na miaka kumi na minane, ametoka jandoni juzi juzi. Mwanaume aliyetoka jandoni hatarajiwi kuonekana karibu na mafiga, kwani mafiga yana wenyewe, nao ni mama na dada. Lakini kuchuma chai kulimvunja mgongo, na jiko la Mgoa lilikuwa na paa. Kipkemoi, aliyetahiriwa naye msimu mmoja, alimtungia wimbo mfupi kuhusu dume linalopuliza moto, akauimba kila walipokutana kwa miaka arobaini na mitano iliyofuata. Serikali zilibadilika, bendera ilibadilika, wimbo haukubadilika.

Mama Furtado alizaliwa na kulelewa Mji wa Kale, Mombasa. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, chepesi na cha haraka. Jonah alikuwa na Kiswahili cha shambani: lete, peleka, upesi, mjinga. Somo la vindalu lilipitia mlango uliorudishwa nusu, mwanafunzi akiwa ameangalia ukuta kwa heshima.

"Nyama uikate, uioshe," sauti ilisema kutoka kitandani. "Kitunguu saumu usage na pilipili, na bizari, na karafuu, na mdalasini. Kisha uitie siki, ilale siku mbili. Siki iwe nyingi, wasikia?"

"Nasikia, Mama."

Alisikia mursik.

Mursik ni maziwa ya Wakipsigis, yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa kijiti kilichoungua, mpaka yanachacha na kushika harufu ya moshi na madoadoa ya mkaa. Kila nyumba inayo. Siki, kwa upande wake, Jonah hakuwa ameiona wala kuisikia tangu azaliwe. Alishangaa kidogo kwamba Magoa nao wanaijua mursik, kisha akafurahi, kama mtu aliyegundua ugenini kwamba jirani yake ni shemeji. Akaenda kwao, akamwomba mamake kibuyu kimoja, akakimimina chote juu ya nyama ya nguruwe.

Mtu angetegemea kosa hilo ligunduliwe wiki ile ile. Lakini jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, lilijaa moshi, na Mama Furtado alikuwa na pumu. Alipopata nguvu alifika barazani, hakwenda mbali zaidi. Kutoka hapo aliita kila Ijumaa:

"Jonah! Umetia siki?"

"Nimetia, Mama! Nyingi!"

Kwa miaka kumi na minne mazungumzo hayo yalirudiwa, kila upande ukisema kweli tupu. Jumapili baada ya misa vindalu ililetwa mezani, na Bwana Furtado aliwahi kutamka, mdomo umejaa, kwamba ni tamu kuliko ya mama mkwe wake. Hakuirudia kauli hiyo, lakini hakuifuta.

Mwaka wa 1965 Wafurtado walirudi Mombasa. Jonah alipewa barua ya sifa, sufuria mbili na saa ya ukutani iliyokuwa ikikawia. Alipikia shule fulani ya bweni, akapikia klabu ya mameneja mpaka klabu ikakosa mameneja, na mwaka wa 1979 akafika kwa Jecinta, mama wa kutoka Murang'a aliyekuwa na hoteli ya meza sita na imani kwamba watu watakula chochote kikiwa moto. Mwaka wa vurugu za kikabila, 1992, Jecinta alifunga mlango akakimbilia Nakuru miezi mitano. Sufuria na sahani zake zilikaa kwa Arap Kikwai, chini ya kitanda. Aliporudi alizikuta zote, zimeoshwa. Hawakulizungumzia jambo hilo tena, kwa kuwa hakuna kati yao aliyekuwa na nguvu ya kulizungumzia.

Na miaka hiyo yote, kila aliyemwuliza siri ya pintalu alijibiwa bila choyo. Ni mursik. Magoa wanayo. Ni watu wa ng'ombe kama sisi, alieleza, ila walipotelea baharini. Nadharia hiyo ilienea kanisani, kiwandani na kwenye foleni ya maziwa. Ilikuwa na ushahidi sawasawa na nyingine nyingi ambazo zimechapishwa vitabuni. Hata Kipkemoi aliikubali. Mwanaume kupika ni aibu, alisema, lakini kupika chakula cha ukoo uliopotea ni kama kazi ya historia.

Kufikia 1996 Arap Kikwai alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa siku moja wa kulalia ukaisha. Ulikuwa umeingia kwenye mifupa, akiamka nao na kwenda nao kazini. Alimwambia Jecinta kwamba mwaka ukiisha ataacha. Jecinta akamwajiri Dorine, msichana wa Soin aliyehitimu chuo cha hoteli huko Nairobi, ajifunze kwake. Dorine alimwita Kugo, yaani babu, na alikuwa na heshima, kofia nyeupe na kitabu. Jikoni walizungumza Kiswahili, ili mwenye hoteli asidhani anasengenywa.

Hapo ndipo barua ilipofika, imeandikwa Mombasa.

"Mzee Jonah," Jecinta alimsomea kwa sauti, "mimi ni Elmina, binti Furtado. Mamangu alifariki mwezi wa pili. Nakuja Sotik Alhamisi ya tarehe kumi na saba, nile vindalu yako, na nina swali moja la kukuuliza."

"Swali gani?" Arap Kikwai aliuliza.

"Hajasema. Lakini mtoto wa mwenyewe anakuja kula kwangu!" Jecinta alikunja barua kama cheti. "Huyo ndiye atasema kama hii kitu ni ya ukweli. Hata nitaandika kwa ubao: *imekubaliwa na Magoa*."

Jumatatu kabla ya ugeni Arap Kikwai alikata nyama, akasaga viungo, akafungua kibuyu alichofungiwa na mkewe Tecla, akaanza kumimina. Dorine, ambaye alikuwa ameanza kazi Jumatano iliyotangulia, nyama ikiwa imeshalazwa, na hakuwa ameona hatua hiyo, alisimama na mwiko mkononi.

"Kugo, hiyo ni nini?"

"Mursik."

"Kwa vindalu?"

"Sasa kwa chai?"

"Lakini vindalu ni ya vinega. Tulifanya chuo. Iko kwa kitabu."

"Hiyo kitabu iliishi na Magoa miaka kumi na nne?"

Dorine alikwenda kukileta, maana alikuwa bado katika umri wa kuamini kwamba kitabu hukata kesi. Kilikuwa cha Kiingereza. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, alikuwa ameandika tafsiri za mtihani wa Kiswahili. Akazisoma, kidole juu ya mstari: "Kitunguu saumu. Karafuu. Mdalasini. Vinega, kwa Kiswahili sanifu, siki."

"Sema hiyo ya mwisho."

"Siki."

"Mur..."

"Hapana, Kugo. Siki tu. Watu wa Mombasa ndio huita hivyo."

Arap Kikwai alikiweka kibuyu chini taratibu, akakaa juu ya gunia la viazi. Alirudi nyuma kichwani, mlango uliorudishwa nusu, ukuta, sauti. Kisha Ijumaa zote zile, moja moja, kutoka barazani. Nimetia, Mama, nyingi.

"Si lazima mtu ajue," Dorine alisema. Sasa alikuwa ameogopa.

"Wewe unajua."

"Mimi sitasema."

"Na mimi najua. Tumekuwa wawili. Hapa Sotik, watu wawili ni mkutano."

Mwanaume wa Kipsigis aliyeshinda jikoni maisha yake yote anaweza kuuvumilia wimbo wa Kipkemoi, mradi anajua kitu ambacho wengine hawakijui. Sasa ilionekana kwamba hata kitu chenyewe hakukijua. Alikuwa amevumilia wimbo bure.

"Nunua hiyo vinega," alisema hatimaye. "Huyu ni mtoto wa mwenye chakula. Siwezi kumwekea makosa kwa sahani."

Walifuata kitabu, kijiko kwa kijiko. Jecinta hakuambiwa chochote.

Alhamisi ilikuwa ya soko, na meza zote sita zilijaa. Elmina Furtado alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mnene kiasi, miwani ikining'inia kifuani, na alimshika mzee mikono yote miwili.

"Shikamoo, mzee wangu. Wanijua mie? Nilikuwa nikikuibia mdalasini."

"Marahaba, mama. Nakumbuka. Ulikuwa unaiba na kulia wewe mwenyewe."

Akaketi, akapelekewa sahani. Jecinta alisimama kando ameshika leso, kama mtu anayengoja mtihani usahihishwe. Kwenye meza ya jirani Kipkemoi alikuwa ameshaonja yake.

"Wewe Kikwai," alisema, "leo pintalu imekasirikia nani?"

"Kula, Kipkemoi."

"Nakula. Lakini inanigombeza."

Elmina alikula tonge la kwanza, la pili, akaweka kijiko. "Ni tamu," alisema kwa adabu. "Tamu sana, mzee wangu. Ndiyo hii hii tuipikayo Mombasa."

Jecinta alipumua. Arap Kikwai alipaswa kupumua pia, lakini alikuwa amelisha watu kwa muda mrefu kiasi cha kujua sura ya mtu ambaye chakula kimempita kando.

"Basi swali lenyewe ni hili," Elmina alisema. "Tulipohama hapa, mamangu akajipikia mwenyewe. Akaonja, akasema siyo. Akabadilisha siki, akasema siyo. Akalaumu kuni, nikamtafutia kuni za bara. Akalaumu maji. Mwishowe akalaumu mwinuko, akawa aambia watu kwamba vindalu haipikiki usawa wa bahari, na sisi tukawa twaamini. Miaka thelathini na mmoja. Hata hospitalini, siku za mwisho, aliniuliza, 'Kikwai akitia nini?' Mwezi wa pili ni misa ya mwaka wake. Jamaa wote watakuja, nami nataka nimpikie ile yake. Nimekuja kukuuliza, lakini naona hata wewe sasa wapika hii yetu." Akatabasamu kwa uchovu. "Labda zilikuwa kuni tu."

Mlango ulikuwa wazi. Angesema ndiyo, ni kuni, na Elmina angeondoka na mzigo wa kuni, na Jecinta angeandika kwenye ubao, na yeye angemaliza mwaka wake kwa amani akiwa mpishi aliyefunzwa na Magoa. Alikuwa amechoka vya kutosha kuikubali amani ya namna hiyo.

Alivuta kiti akakaa. Kwa miaka kumi na saba hakuna aliyewahi kumwona amekaa upande wa wateja, na wateja wakageuka kutazama.

"Si kuni," alisema. "Mama yako aliniambia siki. Mimi nilisikia mursik. Hiyo maziwa yetu ya kibuyu. Nilitia hiyo tangu siku ya kwanza. Siki nimeijua Jumatatu."

Elmina alivaa miwani yake, kana kwamba ingemsaidia kusikia. "Maziwa?"

"Maziwa."

"Juu ya nguruwe?"

"Nyingi. Alisema iwe nyingi."

Alicheka mara moja, kwa sauti, kisha akaacha ghafla, kama aliyekumbuka kwamba yuko kanisani. Akatoa kitambaa akakishika tu mkononi. "Alikufa akilaumu mwinuko," alisema.

Jecinta naye alikuwa amepata sauti. "Jonah! Umelisha wateja wangu maziwa miaka kumi na saba?"

"Jecinta, kibuyu uliona kila wiki. Na nilikuambia."

"Uliniambia ni mursik ya Magoa! Nikadhani hiyo ni dawa yao ya chupa! Ile ya kibuyu nilijua ni ya kunywa wewe!"

"Kikwai." Hiyo ilikuwa sauti ya Kipkemoi, nzito, ya mtu anayetaka jambo liwekwe sawa. "Kwa hivyo Magoa hawana mursik."

"Hawana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Watu walingoja wimbo. Kipkemoi alimtazama Elmina kwa muda mrefu, sahani yake, miwani yake.

"Maskini," alisema.

Elmina alisukuma sahani pembeni. "Mzee wangu, ile ya makosa ipo?"

"Hakuna. Inalala siku mbili. Na mursik iko nyumbani."

"Basi nitalala kwa masista, na kesho twende kwako."

Arap Kikwai alikuwa amepanga kuipumzikia Ijumaa hiyo. Alisema sawa.

Asubuhi walimkuta Tecla uani, akisugua kibuyu kwa kijiti kilichokuwa bado chekundu nchani. Mumewe alimweleza kisa chote akiwa amesimama, kwa Kiswahili, kwa ajili ya mgeni, na hakuruka sehemu inayoaibisha. Tecla hakuacha kusugua mpaka alipomaliza.

"Ngoja," alisema. "Hiyo kitu watu wanapendea pintalu ni mursik?"

"Inaonekana hivyo."

"Na mursik nani hutengeneza?"

"Ni wewe."

"Kabla yangu?"

"Mama."

"Na wewe kazi yako ilikuwa gani?"

Arap Kikwai alilifikiria swali hilo kwa haki. "Kukata nyama," alisema. "Na viungo."

"Viungo ulifundishwa na Mama Furtado."

"Ndiyo."

"Basi nyama."

"Basi nyama."

Tecla aliitikia kwa kichwa, bila hasira, kama mtu aliyeletewa hati ya shamba ambalo amelilima siku zote. Akasogea kwenye benchi, akampa Elmina nafasi, akamwekea kijiti mkononi na kumwonyesha jinsi ya kukizungusha ndani ya kibuyu bila kukivunja. Elmina alifungua daftari kwa mkono mwingine akauliza maziwa hupoa kwa muda gani kabla ya kumiminwa. Mpaka yasiunguze kidole, Tecla alisema. Kidole cha nani? Chako, wewe ndiye unapika. Elmina akaandika.

Arap Kikwai alikata nyama ya ng'ombe vipande sawasawa, akaisaga pilipili, akaviacha vyote kwenye beseni pale walipoweza kuvifikia. Kisha akaenda kuketi ukutani, upande wa jua. Alimsikia mgeni akiuliza kama kibuyu huruhusiwa kutikiswa kabla ya siku ya tatu. Jibu alilijua. Aliwasikia wakibishana kuhusu kifuniko, na kama Mombasa kuna mti unaofaa, na hakuna aliyemwita. Akavua kofia, akaifunika usoni.